Nyumba kongwe ya shamba ya Kiingereza: tafuta maji kwanza

Nyumba za shamba zilizojengwa kwa fremu ya mwaloni huko Uingereza, katika kaunti za Kent, Sussex, Suffolk na Essex, zimesimama miaka 400, 500, nyingine hata 600. Ukiikuta moja inaoza leo, usikimbilie kulaumu uzee. Mara nyingi kilichoiharibu ni matengenezo ya miongo michache iliyopita: saruji juu ya chokaa, rangi ya plastiki, sakafu ya zege, bustani iliyoinuliwa mpaka udongo ukagusa mbao. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata njia moja kwa kila dalili. Kwanza uliza maji yanaingilia wapi, kisha yanazuiwa na nini yasitoke. Dawa ni ya mwisho, na mara nyingi dawa yenyewe ni kuondoa kitu, si kuongeza.

Nawaandikia wanaoishi au kupanga katika nyumba za namna hii, mafundi walioajiriwa kuzigusa, na wanafunzi wa usanifu majengo. Anayetoka Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu atatambua mengi. Kule kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti ni za mikoko, lakini lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa imeleta hasara ileile.

## Jua kwanza nyumba imejengwaje

Huwezi kusoma dalili bila kujua kipi kinabeba kipi. Chini kabisa kuna ukuta mfupi wa mawe au tofali, ambao msingi wake hauendi mbali ardhini. Juu yake imelazwa boriti ya chini, na juu ya boriti hiyo zimesimama nguzo. Nguzo zinashika boriti za juu ya ukuta, halafu boriti kuu zinavuka nyumba kutoka upande mmoja hadi wa pili ili kuta zisifunguke. Mihimili ya mshazari inazuia fremu isilale. Viungo vimechongwa kwa ulimi na tundu, vikafungwa kwa vigingi vya mwaloni, si kwa misumari. Nafasi kati ya nguzo na nguzo zilisukwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mabua na samadi ya ng'ombe, kisha plasta ya chokaa, kisha chokaa ya kupaka. Aliyewahi kukandika nyumba anaijua kazi hii.

Jambo la pili ni historia. Nyumba nyingi za kabla ya katikati ya karne ya 16 zilikuwa na ukumbi usio na dari: moto uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukapanda na kutokea paani. Baadaye wakulima wenye uwezo wakajenga dohani la tofali na kuweka ghorofa ndani ya ule ukumbi. Mwanahistoria W. G. Hoskins aliandika mwaka 1953 kwamba kati ya 1570 na 1640 vijiji vya Uingereza vilijengwa upya kwa wingi. Wanahistoria waliomfuata wamebishana naye kuhusu miaka, lakini badiliko lenyewe unaliona kila unapopanda darini. Kwa fundi maana yake ni kubwa: nyumba iliyo mbele yako ni kazi ya vizazi kadhaa, na kasoro nyingi zinapatikana pale kazi ya kizazi kimoja inapokutana na ya kingine.

Ukitaka kuona nyumba ya namna hii ikiwa karibu na hali yake ya mwanzo, nenda Singleton, West Sussex, kwenye makumbusho ya Weald and Downland. Pale ipo Bayleaf, nyumba ya shamba iliyotoka Chiddingstone, Kent. Ilifunguliwa kiungo kwa kiungo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu bwawa la Bough Beech lilikuwa linajengwa mahali pake. Ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa karne ya 15, na upande wa vyumba vya wenye nyumba uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 16. Madirisha hayana vioo. Ni vijiti vya mbao vilivyosimamishwa na vibao vya kufunga. Simama ndani siku ya upepo, utaelewa kwa nini unyevu wa hewa haukuwasumbua waliokaa humo.

## Dalili: ukuta umelowa chini, plasta inamomonyoka, chumvi nyeupe inatoka

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Kawaida anakuja mtu na kipimo cha umeme chenye pini mbili, anachoma ukutani, anasoma namba kubwa. Anasema maji yanapanda kutoka ardhini, anashauri kutoboa ukuta na kusukuma dawa ndani, kisha kupiga lipu ya saruji hadi usawa wa mita moja. Kipimo kile kilitengenezwa kwa ajili ya mbao. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi iliyo ndani ya tofali kuukuu hupitisha umeme hata pale ukuta unapokuwa na maji kidogo tu. Namba yake inaweza kukuonyesha mahali pa kuangalia. Chanzo haikuambii.

Anza nje, tena wakati mvua inanyesha. Vaa koti uzunguke nyumba polepole. Tazama mifereji ya paa: ipi imeziba kwa majani, ipi inamwaga ukutani, bomba lipi la kushusha maji limepasuka kwa nyuma ambako mpasuko wake hauonekani siku ya jua. Tazama maji yanayodunda kutoka kwenye njia ya zege na kurukia ukuta. Tazama hasa upande wa kusini-magharibi, maana upepo wenye mvua nyingi Uingereza hutoka huko.

Halafu pima kimo cha ardhi. Kwa karne kadhaa udongo wa bustani hupanda: mboji, kokoto mpya, njia juu ya njia. Nimeona nyumba ambazo ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani, na mwenye nyumba ametumia fedha nyingi kwa dawa za ukuta bila mtu yeyote kumwonyesha jambo hilo. Ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa milimita 150 hadi 200. Ikiwa imepanda, ishushwe, na pembeni ya ukuta uchimbwe mtaro mwembamba wa kokoto wenye njia ya kupeleka maji mbali. Hapa nasisitiza: usichimbe kupita chini ya msingi. Misingi ya nyumba hizi ni mifupi, na mtaro uliochimbwa kwa pupa unaweza kuuangusha ukuta uliokuwa umelowa tu.

Baada ya hapo weka daftari. Andika siku ukuta ulipozidi kulowa na hali ya hewa ilivyokuwa. Doa likikua saa chache baada ya mvua ya upepo, maji yanapenya kutoka nje. Likitokea asubuhi za baridi kali, ni mvuke wa ndani unaogeuka maji kwenye ukuta baridi. Likija na kuondoka siku za unyevu hata bila mvua, ni chumvi inayonyonya maji kutoka hewani. Wiki chache za daftari hili zina thamani kuliko ripoti iliyoandikwa kwa ziara ya nusu saa.

Sasa tuitazame saruji. Joseph Aspdin wa Leeds alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Nyumba iliyojengwa 1420 ilikuwa imeishi karne nne bila kuijua. Ukuta wa zamani hulowa mvua ikinyesha na hukauka jua likitoka, kwa sababu udongo na chokaa vina vitundu vingi vinavyopitisha mvuke. Pia chokaa ni laini: fremu ikisogea kidogo, nayo inasogea. Saruji ni ngumu. Mwaloni ukipanuka na kunywea kwa majira, saruji inapasuka nyufa nyembamba, maji ya mvua yanavutwa ndani kupitia nyufa hizo, na kutoka hayawezi. Yanakaa palepale nyuma ya lipu, yakigusa mbao. Kwenye tofali ni hivyohivyo. Viungo vikijazwa saruji, maji yanalazimika kutokea kwenye uso wa tofali lenyewe, na baridi ikiyagandisha uso unabanduka vipande. Ukiona viungo vimesimama imara huku tofali zimeliwa kuingia ndani, umeshajua aliyepita hapo alitumia nini.

Kuondoa saruji si jambo la kuamua kwa hasira. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Ikiachia kirahisi, endelea. Ikiwa imeshika kiasi cha kung'oa uso wa tofali au kubomoa udongo wa kale, iache, ziba nyufa zake, ushughulikie mifereji na ardhi. Ukishaitoa, usipige kitu kipya haraka. Mafundi wa kazi hii huhesabu takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta ili ukauke, na majira ya baridi huongeza muda huo. Kisha plasta ya chokaa yenye nywele za mbuzi, na juu yake chokaa ya kupaka, tabaka nyembamba nyingi. Kazi ya chokaa ifanywe kuanzia machipuko hadi mwanzo wa vuli, kwa sababu jalidi likiipata kabla haijakomaa inabomoka. Vaa miwani, chokaa mbichi huunguza macho.

Kuna suala la sakafu. Zamani chumba cha chini kiliwekwa tofali au mabamba ya mawe moja kwa moja juu ya ardhi, na unyevu wa ardhi ulitoka taratibu kupitia viungo. Wahifadhi wengi wanaeleza kwamba zege na karatasi ya plastiki vinapowekwa badala yake, unyevu huo husukumwa pembeni kuelekea kwenye kuta. Kama tatizo la ukuta lilianza baada ya sakafu kubadilishwa, lichukue jambo hili kwa uzito.

## Dalili: nguzo imelainika chini, au ukuta umeshuka upande mmoja

Shuku boriti ya chini. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ardhi, na ndiyo inayooza kwanza pale udongo unapopanda au saruji inapofunika. Chukua msumari mrefu au bisu jembamba ulisukume kwenye mbao. Likizama milimita chache kisha likagonga ugumu, umekutana na mbao ya nje ya mti tu, ile changa iliyokuwa chini ya gome, ambayo huoza na kuliwa mapema. Kiini cha mwaloni ni kigumu mno na mara nyingi bado kizima. Likizama hadi mpini, kuna kazi.

Kwenye mbao kipimo cha umeme kina maana. Unyevu ukiwa chini ya 18%, kuvu hawana maisha. Zaidi ya 20% kwa muda mrefu, wana maisha.

Tengeneza kwa kukata sehemu iliyooza peke yake na kuunga mwaloni mpya kwa kiungo kirefu cha mshazari, ukifungwa kwa vigingi. Ikilazimu bolti, tumia chuma kisichoshika kutu, kwa sababu tindikali ya mwaloni hula chuma cha kawaida na kuacha madoa meusi. Usijaze tundu kwa saruji wala kwa gundi ya kujazia. Vitu hivyo vinashika maji pembeni mwake, na baada ya miaka kadhaa unakuta kijazio kimebaki kizima na mbao inayokizunguka imeoza. Usiruhusu pia seremala abadilishe nguzo nzima kwa sababu futi moja ya chini ni mbovu. Nguzo hiyo ina alama za fundi aliyeichonga, matundu ya dirisha lililozibwa, labda hata mwaka ambao mti ulikatwa, unaoweza kusomwa kwenye pete zake. Ukiipeleka kwenye moto, hakuna anayeweza kuirudisha.

Rangi nyeusi kwenye mbao za nje inastahili neno. Picha za nyumba za Kiingereza zenye mbao nyeusi na kuta nyeupe zimetuzoesha kuamini kwamba ndivyo zilivyokuwa tangu mwanzo. Katika sehemu nyingi ni mtindo ulioenea karne ya 19. Kabla yake mwaloni uliachwa ugeuke kijivu wenyewe, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta. Lami na rangi nzito nyeusi huzuia mbao kukauka. Iache imalizike yenyewe, na usiikwangue kwa mashine ya kurusha mchanga: inakula uso wa mbao pamoja na alama zote.

## Dalili: nyufa, sakafu zilizoinama, kuta zilizopinda

Hapa watu hutishika bure mara nyingi. Mafundi wa zamani walichonga mwaloni ukiwa mbichi, maana mkavu ni mgumu kama chuma na unaharibu zana. Nyumba ikakaukia mahali pake. Mti unapokauka hunywea kwa upana, si kwa urefu, kwa hiyo nguzo zilipasuka kufuata nyuzi, nyingine zikajisokota, na fremu ikakaa mkao wake. Mipasuko hiyo mirefu inayofuata nyuzi ina umri wa nyumba. Iache, na usiijaze.

Ufa wa kutisha ni ule unaokata nyuzi za mti, au ulimi unaotoka katika tundu lake huku kigingi kimevunjika. Kwa ufa wa plasta au tofali, angalia ndani yake kwa tochi. Ukiwa na vumbi, utando wa buibui na chokaa ya zamani, huo ni mzee uliotulia. Ukiwa na rangi safi na kingo kali, umetokea karibuni. Weka alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, andika tarehe na umbali, kisha pima kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, kwa sababu udongo wa mfinyanzi wa kusini-mashariki hunywea kiangazi na kuvimba majira ya baridi, na ufa unaofunguka Agosti na kufunga Februari unakwambia habari tofauti kabisa na ule unaopanuka bila kurudi. Ukame wa mwaka 1976 ulipasua nyumba nyingi Uingereza kwa njia hiyo. Miti mikubwa karibu na nyumba inaongeza tatizo, lakini kuukata ghafla mti mzee nako kunaweza kuuvimbisha udongo. Muulize mhandisi kwanza.

Ukuta uliotoka nje kwenye usawa wa paa ni habari nyingine, nayo si ya kusubiri. Panda ghorofani utafute boriti kuu. Ukumbi wa zamani ulipowekewa ghorofa, boriti ile iliyokuwa juu hewani ikajikuta inapita kifuani mwa mtu anayetembea chumbani. Wakati fulani mtu alichoka kuinama, akaikata ili apate mlango. Tangu siku hiyo makombamoyo yanasukuma kuta nje na hakuna kinachozishika. Nyumba nyingi zimeendelea kusimama hivyo kwa sababu viungo vingine vilibeba mzigo, mpaka siku paa lilipowekewa vigae vizito zaidi. Tiba yake ni ya mhandisi anayezijua fremu za mwaloni, mara nyingi ufito wa chuma unaopitishwa kwingine. Usikubali ukuta usukumwe urudi mahali pake pa mwanzo. Unafungwa palepale ulipofika.

Ukikuta makombamoyo yote yameegemea upande mmoja kufuata urefu wa nyumba, tafuta mihimili ya mshazari iliyoondolewa darini. Mapaa mengi ya kusini-mashariki hayana boriti ya kileleni. Yana nguzo fupi iliyosimama katikati ya boriti kuu, ikibeba mhimili mrefu chini ya vifungo vya makombamoyo. Mikono inayotoka kwenye nguzo hiyo ndiyo inayolikaza paa, na ndiyo inayong'olewa na wanaotaka nafasi ya kuweka matangi na masanduku. Matundu matupu yenye mashimo ya vigingi yatakuonyesha ilipokuwa.

Sakafu zinazolala kuzunguka dohani zina maelezo mepesi. Dohani ni tani nyingi za tofali zilizoingizwa katika nyumba ya mbao baada ya miaka 100 au 200, na vitu hivyo viwili havishuki kwa mwendo mmoja. Kama pengo kati ya dohani na mbao ni la zamani, jaza chokaa laini na uendelee na maisha.

## Dalili: vitundu katika mbao, unga, mlio wa kugonga

Mchwa hawamo katika orodha ya wasiwasi Uingereza. Waliopo ni mabungua wa aina mbili wanaohusika zaidi. Wadogo huacha vitundu vya milimita 2 hivi na hupenda mbao changa ya nje. Wakubwa, wanaopenda mwaloni uliolainishwa na kuvu, huacha vitundu vya milimita 3 hivi. Hao wakubwa hugonga vichwa vyao kwenye mbao wakiitana wakati wa machipuko. Watu waliokesha na wagonjwa katika nyumba zilizo kimya walisikia mlio huo wakadhani unatangaza kifo, na jina lao la Kiingereza, deathwatch (mkesha wa kifo), limebeba imani hiyo. Funza wao wanaweza kukaa ndani ya mbao miaka 10 au zaidi.

Vitundu peke yake si ushahidi kwamba wadudu wapo. Nyumba ya miaka 500 lazima iwe na vitundu. Majira ya baridi gundisha karatasi nyembamba juu ya sehemu yenye vitundu, kisha irudie mwisho wa kiangazi. Ikiwa imetobolewa, wapo. Ikiwa nzima, unatazama makaburi.

Wakiwapo, usianze na dawa ya kupulizia. Haiingii ndani kiasi cha kuwafikia funza kwenye boriti nene, na inaua buibui wanaowala wadudu wanapotoka. Tafuta maji: kigae kilichoteleza, mfereji unaomwaga kwenye ncha ya boriti. Mbao ikikauka, wanakosa chakula laini na kupungua miaka ikienda. Kumbuka pia popo. Aina zote za popo na mahali wanapolala vinalindwa kisheria, hata kama siku hiyo hawapo, kwa hiyo kazi yoyote ya darini inaanza kwa kuangalia vinyesi vyao.

## Dalili: madoa ya kahawia kwenye ukuta wa dohani, moshi unaorudi chumbani

Madoa ya kahawia yanayolowa siku za unyevu ni masizi na chumvi za moto wa karne nyingi zilizonyonywa na tofali. Kuyapaka rangi hakusaidii, yanatokea tena. Ikiwa dohani halitumiki na limezibwa juu na chini, lifungue: kofia ya kuzuia mvua juu, tundu la hewa chini. Likishakauka ndipo ushughulikie plasta.

Moshi unaorudi mara nyingi unatokana na tundu la dohani kuwa pana mno kwa moto mdogo. Meko ya zamani yalikuwa na moto mkubwa usiozimwa. Kabla ya kuweka jiko la kuni la chuma, fikiria paa. Kama ni la kuezekwa kwa matete au mabua, moto wa jiko hilo hupeleka joto kali kwenye tofali zilizozungukwa na nyasi kavu, na chokaa ya ndani ya dohani huenda imeshadondoka. Hapa siko tayari kulegeza: dohani likaguliwe lote, lisafishwe kila mwaka, kuni ziwe kavu, na kampuni ya bima iambiwe.

## Dalili: maji yanavuja paani

Vigae vya kale vya mkono huning'inia kwa vigingi vidogo kwenye fito. Vigingi na fito ndivyo vinavyochoka, vigae bado. Vishushwe, vipangwe, virudishwe, na vilivyovunjika vibadilishwe kwa vya mkono. Anayekushauri kupulizia povu la plastiki chini ya vigae ili lishike kila kitu, mkatalie. Povu hilo hufunika makombamoyo, huzuia hewa, na huficha uozo usionekane.

Paa la mabua au matete lenye majani mabichi na kuvimba kwa kuvu kileleni linahitaji mwezekaji. Kilele hubadilishwa mara nyingi zaidi kuliko paa lenyewe, na hilo ni jambo la kawaida.

## Dalili: ukungu mweusi pembeni na nyuma ya makabati

Nyumba iliyozoea upepo imefungwa madirisha ya vioo viwili-viwili, imepakwa rangi ya plastiki, na watu wanachemsha, wanaoga na kuanika nguo ndani. Fungua madirisha kila asubuhi dakika kadhaa, funika sufuria, sogeza makabati yaachane na kuta za nje, weka moto mdogo wa kudumu badala ya mkubwa wa saa moja. Ukungu ukibaki baada ya hayo yote, rudi kwenye sehemu ya ukuta uliolowa.

## Visivyo kasoro, na ruhusa

Makombamoyo meusi darini hayakuungua. Huo ni moshi wa ukumbi wa zamani, ushahidi kwamba nyumba ilikuwa na moto wazi, na ukiusugua umefuta ukurasa wa historia yake. Duara zilizochorwa kwa bikari zenye petali sita, na alama za kuungua zenye umbo la chozi kwenye boriti ya juu ya meko, ziliwekwa kwa makusudi kama kinga. Kiatu kikuukuu ndani ya dohani nacho kilifichwa kwa nia hiyohiyo. Makumbusho ya Northampton yanaweka kumbukumbu za viatu vya namna hiyo. Piga picha palepale kabla hujakigusa, na wapelekee taarifa.

Nyumba ya kabla ya 1700 iliyobaki karibu na hali yake ya mwanzo, karibu hakika imeorodheshwa kisheria kama jengo linalolindwa. Tafuta jina lake katika orodha ya taifa inayotunzwa na Historic England, shirika la umma la urithi wa kihistoria. Iko wazi mtandaoni. Zaidi ya 90% ya majengo yaliyomo yako daraja la II, la chini kabisa, na daraja hilo halina maana kwamba ndani unaruhusiwa kufanya utakalo: ulinzi unahusu jengo zima, ndani na nje. Kubadilisha jengo kwa njia inayogusa hadhi yake bila idhini ya halmashauri ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990, na anayenunua nyumba anaweza kuamriwa kurekebisha yaliyofanywa na aliyemtangulia. Kabla ya kununua, linganisha maelezo ya orodha na unachokiona.

Kwa ushauri wa kiufundi, chama cha kulinda majengo ya kale, SPAB, kilichoanzishwa na William Morris na wenzake mwaka 1877, bado kinafundisha mafundi na kujibu maswali ya wenye nyumba. Unapotafuta fundi, mwulize atatumia chokaa gani na kwa nini, na umwombe akuonyeshe kazi aliyoifanya angalau miaka mitano iliyopita. Kazi ya mwaka jana bado haijapitia majalidi ya kutosha.